Sahihi Ipo

Kazi yenyewe ilikuwa na jina refu, hata kibao chake kilikataa kuenea mlangoni: Mhadhiri wa Sheria ya Ulaya na ya Kimataifa pamoja na Siasa. Fundi alikata pale "pamoja na", akasema Siasa itafuata. Idara ya Sheria waliniita mwanasiasa, Idara ya Siasa waliniita wakili, na kila upande ulinialika kwenye vikao vyake bila hata mmoja kunipa dawati. Wanafunzi, watu wasio na haya, wakanibatiza Njia Mbili, kwa sababu njia mbili zilimshinda fisi. Nilisikia, nikanyamaza. Fisi mwenye shahada tatu hajibizani na watoto.

Miaka minne niliishika kazi hiyo kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Siku ninayokusimulia ndiyo niliyopangiwa mhadhara wa kupimwa, saa nne asubuhi, Ukumbi wa Tatu, wanafunzi mbele na jopo la watu watatu mstari wa nyuma na karatasi zao za alama. Nikifaulu naajiriwa moja kwa moja. Nikishindwa nafungasha vitabu vyangu.

Ila usidhani hofu ninayotaka kukueleza ni hiyo. Kazi hutafutwa. Mimi nilikuwa na mdogo wangu anayekimbia kuokoa roho yake.

Mdogo wangu ni mpima ardhi. Tangu utotoni tunamwita Kamba, maana hakuwa akipata kipande cha kamba bila kupimia kitu: meza, mbuzi, miguu ya baba akiwa amelala. Mtaani mtu akisema "hizo ni kamba" anamaanisha uongo, na hapo jina lilimkosea kabisa, kwani yule uongo haujui hata wa kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Walimtuma kupima kiwanja cha zahanati, akakuta ukuta wa mheshimiwa mmoja umeingia ndani hatua arobaini na mbili. Wakamwambia arudie. Akarudia, akapata arobaini na mbili. Wakamwambia kwa upole kwamba huenda macho yamechoka, apumzike, apime tena wiki ijayo. Yeye akachora arobaini na mbili, akaipeleka ramani mahakamani.

Wiki hiyo hiyo ofisi yake iliungua. Mwenzake, yule wa kumshikia ncha ya pili ya futi, alichukuliwa nyumbani mchana kweupe na watu wenye gari lisilo na namba, na mpaka leo mkewe anazunguka vituo vya polisi na picha yake. Kisha Kamba akafunguliwa kesi ya kughushi ramani. Hapo hata yeye alielewa. Akachukua begi moja, akaondoka.

Alijificha kwa rafiki yake kwenye mji ambako barabara inagawanyika. Tawi moja linakwenda mtoni, mwendo wa saa moja, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine. Tawi la pili linapanda milimani, siku mbili za mashimo na matope, na huko nako ni nchi nyingine. Jumamosi alinipigia akaniuliza swali la mtu mwenye akili: dada, katika hizi mbili, ni ipi haitanirudisha?

Sasa hilo ndilo swali ninalolila na kulinywa. Katika kanda yetu kuna mkataba unaokataza nchi kumrudisha mtu mahali ambako atadhuriwa. Lakini nchi haiingii kwenye mkataba kwa hatua moja. Kwanza waziri anatia sahihi, picha zinapigwa, watu wanakumbatiana. Halafu bunge la nyumbani linaridhia, na hapo ndipo nchi inafungwa. Wanafunzi wangu nawaambia kila mwaka: kutia sahihi ni kuposa, kuridhia ni kuoa. Aliyeposa bado anaweza kuamka asubuhi akabadili mawazo. Nchi ya milimani ilikuwa imeoa. Ile ya ng'ambo ya mto iliposa miaka kumi na moja iliyopita, na mahari bado inajadiliwa.

Nikamtumia Kamba picha ya jedwali ninalowagawia wanafunzi. Safu ya kwanza nchi, ya pili Sahihi, ya tatu Kuridhia, na tiki kila panapohusika. Nikamwambia alisome vizuri, tutaongea.

Jumanne, saa moja asubuhi, mimi nimesimama na pasi mkononi nikipigana na kola ya blauzi ya mhadhara, ujumbe ukaingia. "Dada nimeangalia jedwali. Ile ya mtoni ni sahihi?" Nikajibu kwa kidole gumba, jicho moja kwenye pasi: "Ya mtoni sahihi ndiyo. Ya milimani zote mbili." Akaandika: "Sawa." Nikaweka simu chini, nikaridhika na nafsi yangu. Mtoto wa watu amejielimisha, anajua sasa kutofautisha. Haraka haraka haina baraka, mama aliniimbia hivyo tangu nina meno ya utotoni, na bado.

Saa nne kamili nilikuwa mbele ya darasa. Nilianza na utani wangu wa mabaraza. Ulaya, nikawaambia, wana Baraza la Ulaya ambalo si la Umoja wa Ulaya, wana Baraza la viongozi wakuu wa Umoja, na wana Baraza la mawaziri wa Umoja, na mwanafunzi akiyachanganya haya matatu kwenye mtihani mimi humwombea dua kisha humpa sifuri. Wakacheka. Nikawaonyesha jinsi kanuni ya Umoja wa Ulaya inavyoingia moja kwa moja hadi jikoni kwa mwananchi bila kubisha hodi, wakati mkataba wa kawaida wa kimataifa unasimama barazani ukingoja wenyeji waamke. Nilikuwa natiririka. Hata nyuma kule niliona mtu anaandika kwa kasi nzuri.

Yule anayeandika alikuwa mwenyekiti wa jopo, profesa wa sheria tuliyemwita Kifungu, kwa sababu hakuwahi kusema jambo bila kutaja kifungu chake. Huyo baba alikuwa na ugonjwa mmoja: tofauti ya kutia sahihi na kuridhia. Miaka thelathini aliwafelisha watu kwa kosa hilo moja. Kuna mtu aliyekuja kutetea tasnifu na wazazi wake na keki, akaandika mahali pamoja "imeridhia" badala ya "imetia sahihi", na keki ikarudi nyumbani haijakatwa. Nilijua hilo, ndiyo maana jedwali langu nililisafisha kama sufuria za harusi. Nikaliweka ukutani.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. Ni msichana makini, wa kuandika hata nikikohoa.

"Samahani mwalimu. Hapo safu ya pili umeandika Sahihi. Ni nchi imetia sahihi, au nchi hiyo ndiyo iko sahihi? Maana mimi tangu muhula uanze nilijua zenye tiki hapo ndizo nzuri."

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikafungua mdomo nimtanie, na utani ukanifia ulimini.

Ile ya mtoni ni sahihi? Sahihi ndiyo. Ya milimani zote mbili.

Kamba hakuniuliza kama waziri alitia kalamu. Aliniuliza kama nchi ile ni salama. Mpima ardhi wa watu, atajuaje kwamba kwetu sisi neno hilo lina pembe? Nami nikamwambia ndiyo, nikamwambia tena kwamba zote mbili, na mtu aliyeambiwa njia zote mbili ni salama atachukua ile ya saa moja au ile ya siku mbili? Akasema sawa. Saa moja asubuhi akasema sawa. Mpaka unafunguliwa saa tatu.

Nikaona ule mto, nikaona kibanda cha uhamiaji, nikaona mdogo wangu anamtazama afisa usoni na kumwambia jina lake kamili, kwa sababu hajui kusema lingine. Mganga hajigangi, jamani. Miaka minne nawafundisha watoto wa wenzangu, na wangu nimemsindikiza kwa mkono wangu hadi mdomoni mwa chui.

Nilisema samahani. Sikumbuki nililisema kwa nani. Nilichukua simu mezani nikatoka nje ya ukumbi, viatu vikigonga sakafu, na nilipopita mstari wa nyuma niliona kalamu ya Kifungu imesimama hewani.

Nje ya ukumbi kulikuwa na ubao wa matangazo, ndoo ya mfagiaji, na harufu ya dawa ya sakafu. Nikapiga. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Nikaandika "USIVUKE" kwa herufi kubwa, ujumbe ukakaa na alama moja, hausomwi. Nikapiga mara ya tatu, ya nne. Nilikuwa nikitembea kutoka ndoo hadi ubao, ubao hadi ndoo, nikimwomba Mungu na kumtukana mdogo wangu kwa pumzi moja. Nilitaka kulia, nikaogopa nikilia sitaweza kuongea. Mara ya sita simu ikapokelewa, na sauti haikuwa yake.

"Simu hii ni ya mtu niliye naye hapa," sauti ya mwanamume ikasema, taratibu. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni dada yake. Akasema vizuri, kwa sababu mtu huyu anadai dada yake ni mwalimu wa sheria chuo kikuu, na kwamba dada huyo amesema harudishwi. Akanieleza hali ilivyo, bila ukali, na upole wake ulinitisha kuliko matusi. Ameshavuka daraja. Jina lake limo kwenye orodha iliyoletwa na wenzao wa upande wetu, na hao wenzao wametuma gari, liko hapo ng'ambo linangoja. Kwa kawaida jina likiwa kwenye orodha yeye anamkabidhi mtu na kazi imekwisha. Lakini huyu anazungumzia mkataba, na yeye afisa hataki kesho aitwe makao makuu kuulizwa kwa nini alivunja mkataba wa nchi.

Nikauliza kama gari hilo lina namba. Akasema hapana.

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia nchi ikishatia sahihi haipaswi kufanya jambo la kuuharibu mkataba hata kabla ya kuridhia, nikamwambia zipo desturi za mataifa zinazowafunga wote, walioandika na wasioandika. Yote ni kweli, na yote yalinitoka kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Akanikata.

"Mama, nina foleni hapa hadi darajani. Nijibu kitu kimoja. Nchi yetu imo au haimo?"

Ukweli wa mwanasheria ulikuwa: haimo. Neno moja. Ningelisema, Kamba angerudi kuvuka lile daraja akiwa katikati ya watu wawili. Nusu yangu ya sheria ikakwama hapo. Na hiyo nusu nyingine, ile ambayo fundi aliikata kwenye kibao, ikafungua mdomo.

"Sahihi ya nchi yenu ipo," nikasema.

"Sahihi?"

"Sahihi."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia, na lilikuwa la haki kabisa. Wewe ni dada yake, akasema. Dada atasema chochote. Hapo chuoni kwenu hakuna mtu mwingine, asiye ndugu, anayeweza kuniambia hivyo hivyo?

Nikageuka, na Kifungu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alifika saa ngapi. Karatasi yangu ya alama ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa mara mbili, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya keki. Amesikia, nikajua. Akafungua mdomo kuniambia kwamba jopo linangoja, nikamuwahi. Niliziba simu kwa kiganja nikamwambia yote kwa sentensi tatu: ni mdogo wangu, yuko kwenye daraja la mtoni, gari lisilo na namba liko ng'ambo, afisa anauliza kama nchi yao imo kwenye mkataba na anataka kulisikia jibu kutoka kwa mtu baki.

Alinitazama kwa muda uliotosha mimi kufikiri mambo mengi mabaya. Nilifikiri atasema haimo, kwa sababu haimo, na maisha yake yote amelisema hilo. Nilifikiri pia kwamba simu zinasikilizwa, kwamba yule mheshimiwa ana wapwa zake humu humu chuoni, na kwamba mzee huyu amebakiza miaka miwili astaafu kwa amani. Akanyoosha mkono akaichukua simu.

Kwanza aliuliza jina na cheo cha afisa, akayarudia polepole kama anayaandika. Kisha akataja jina lake mwenyewe, lote, majina matatu, na cheo chake, na miaka yake kazini. Mimi nilitaka kumziba mdomo. Mtu hajitaji hivyo kwenye simu siku hizi.

"Ninathibitisha," akasema. "Sahihi ipo. Iliwekwa miaka kumi na moja iliyopita, tarehe tisa, na waziri wenu wa mambo ya nje wa wakati ule, mbele yangu. Nilikuwepo ukumbini."

Akasikiliza. Akafumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Sahihi kabisa."

Akanirudishia simu, akatoa kitambaa akafuta viganja vyake, kidole kimoja kimoja. Afisa alikuwa amekwisha kata. Nikamwambia profesa, sijui hata nilichotaka kusema, nikasema shikamoo. Mtu niliyekwisha kumwamkia asubuhi ile ile. Akaitikia marahaba, sauti ikamkwaruza.

"Nimesema kweli tupu," akasema. "Hakuna neno hata moja pale la uongo."

"Hakuna, profesa."

"Basi usinishukuru." Akageuka, akasimama. "Una dakika kumi na nane zimebaki. Yule binti hajajibiwa."

Tukarudi ndani, yeye mbele mimi nyuma. Darasa lilikuwa kimya kama watu walioambiwa kuna msiba ila hawajaambiwa wa nani. Jedwali lilikuwa bado ukutani. Nikamtazama binti yule, na kalamu yake ilikuwa tayari.

Nikamjibu. Nikamwambia neno lile pale halimaanishi nchi iko sahihi, linamaanisha kalamu iligusa karatasi na basi. Akauliza, kama mtoto mwenye akili anavyouliza, kama nchi yenye tiki hiyo peke yake inaweza kumrudisha mtu ikitaka. Nikamwambia ndiyo, inaweza, wakati wowote, mara tu mtu mmoja ofisini atakaposoma safu ya tatu. Nyuma kule Kifungu alikuwa ameinamisha kichwa, haandiki. Nikachukua kalamu ya ubao, nikafuta Sahihi, nikaandika: Imetia sahihi tu. Haijafungwa. Herufi zilipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Sijui nilimalizaje. Matokeo ya kazi yatatoka Ijumaa, na mpaka Ijumaa nina mengine ya kunikosesha usingizi. Watu walipokuwa wanatoka, simu ikatikisika mezani.

"Dada nimepita," Kamba ameandika. "Wamenigongea muhuri wa siku thelathini. Hata sikuogopa. Nilijua tu wewe ukisema sahihi ni sahihi."

Nikakaa kwenye ngazi ya jukwaa. Nilisoma maneno hayo mara tatu. Mdogo wangu ameketi sasa mahali fulani, pengine anakunywa chai, miguu ameinyoosha, amelindwa na neno ambalo watu wawili waliojua maana yake waliliacha bila kulieleza. Kesho afisa anaweza kwenda likizo, na atakayekaa kwenye kiti chake akawa anapenda kusoma.

Nikaanza kumwandikia, na safari hii sikutumia kidole gumba. Niliandika kwa mikono miwili, kila sentensi na nukta yake. Kwamba hapo alipo si salama. Kwamba nilikosea kumjibu, kosa ni langu, si lake. Kwamba asilale hapo, apande gari la mchana huu huu, apite ndani ya nchi hiyo hadi inapopakana na ile ya milimani, avuke tena, na akifika aende kwenye ofisi ya wakimbizi, si kwa polisi. Kwamba simu hii aizime na akanunue laini nyingine. Ujumbe ulikuwa mrefu kuliko utangulizi wa tasnifu yangu. Nikautuma, alama zikawa mbili, zikabadilika rangi.

Nikangoja. Mfagiaji aliingia na ndoo yake, akaniona, akaanza kufagia kutoka upande wa pili.

Jibu likaja. Neno moja.

"Sawa."

Nikampigia pale pale, na alipopokea nikamwambia anieleze kwa maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, ameelewa nini.